Hatua Thelathini na Moja

Kazi yangu ni kupokea neno likiwa la moto
na kulikabidhi kabla halijapoa.
Mwaka wa kumi na tisa huu, Mahakama Kuu ya Kisumu,
nasimama kati ya kizimba na meza ya karani.
Kwenye faili sina jina. Naandikwa: Mkalimani, Kijaluo.

Leo ni Rading', mkata miwa wa Miwani.
Marehemu ni Osewe, nduguye wa ziwa moja.
Panga liko mezani, limeviringishwa gazeti,
kielelezo namba moja,
mpini bado unanata utomvu wa miwa.

Hakuna anayebisha kwamba Rading' aliua.
Hata Rading' habishi.
Tunabishania hatua.

Koplo alizipima kwa miguu yake mwenyewe
toka mpaka wa shamba hadi mlangoni: thelathini na moja.
(Koplo ni mrefu. Wakili wa utetezi anadai arobaini,
kisha anagundua arobaini zinamuumiza, anaketi.)
Maana kama Rading' aliuacha ugomvi pale mpakani,
akaenda, akaingia, akalitoa panga darini, akarudi,
basi moyo ulipata nafasi
ya kukaa kitako na kushauriana na mkono.
Hayo ni mauaji ya kukusudia,
na kitabu cha sheria bado kina kamba ndani yake.

Lakini kama panga lilikuwa mkononi tangu alfajiri,
kwa kuwa ni msimu, na mkata miwa hana mkono wa akiba,
basi hasira na chuma vilipigana kumbo tu
kama watu wawili mlangoni.
Huko ni kuua bila kukusudia.
Ni miaka, si kamba. Kumi. Saba.
Jaji akiyaona majuto, pengine pungufu.

Na mimi natakiwa kuyabeba haya yote
hadi kwenye lugha ya mama yangu,
ambako nina *nego* tu,
kitenzi kimoja kwa nyoka, kwa malaria, kwa ndugu,
na kila kilichobaki lazima nikielezee kwa mikono.

Anaitwa mama yao, Dorsila.
Amevua viatu mlangoni; hakuna aliyemwambia.
"Ulimwona Rading' akiingia nyumbani?"
"Aliingia."
Kalamu zote zinainama.
"Kufanya nini?"
"Kunywa maji."
"Panga lilikuwa wapi?"

Hapo akanyamaza.
Feni ilizunguka, sijui mara ngapi.
Akamtazama aliye kizimbani, akatazama benchi la nyuma,
alipoketi mjane wa Osewe na mtoto mgongoni.
Kisha akasema, nami nikasema baada yake,
kwa Kiswahili sanifu, bila kutikisika:
"Lilikuwa mkono wa kulia. Maji alinywa kwa kushoto."

Mjane alifyonza. Hilo pia halikuandikwa.

Nimetafsiri matusi, nimetafsiri sala,
nimetafsiri kilio cha mzee aliyeibiwa ng'ombe watatu.
Ukimya ule sikuutafsiri.
Sikuulizwa. Tena ningeuita nini?
Kumbukumbu inayotafutwa?
Au mama anayehesabu wanawe
na kufika kwa mmoja?

Jaji akaahirisha hadi tarehe kumi na nne.
Panga likarudishwa kwenye gazeti lake,
upande wa ukurasa wa mpira.

Nilitoka nikielekea langoni, mawingu yakishuka toka Nandi,
na bila kutaka nikajikuta nahesabu.
Nilifika ishirini na mbili,
bodaboda akanipigia honi, hesabu ikapotea.
Lakini katika hizo ishirini na mbili
nilikuwa nimeshawaza deni la karo,
samaki wa mchana, goti langu,
na ndugu yangu wa Awasi, na uzio aliousogeza
usiku, mwaka juzi, akidhani sikuona.